Kichwa Kilichozidi kwenye Mizani

Nchi yetu ina jina zuri sana. Ningeliandika hapa, lakini leseni yake iliisha tarehe thelathini ya mwezi uliopita, na mpaka malipo yafike kule tunakolikodi, wananchi tumeombwa tuseme "nchi yetu" tu. Wimbo wa taifa bado tunauimba. Tukifika penye jina tunaguna. Watoto wamezoea upesi, na wangu anaguna vizuri kuliko hata mwalimu wake.

Nawaeleza jinsi tulivyofika hapa ili nchi nyingine zijifunze, maana viongozi wetu wanasema zinatuonea wivu.

Kulikuwa na Mfumo. Mfumo ni programu ya kompyuta iliyoendesha Hospitali Kuu. Daktari akiandika dawa, Mfumo unatoa namba, na namba ikitoka, mtunza stoo anafungua. Bila namba haitoki hata panadol. Mtunza stoo aliyekuwepo zamani aliwahi kumpa bibi mmoja vidonge viwili bila namba, kwa kuwa bibi alikuwa analia. Sasa yuko gerezani. Bibi naye yuko gerezani, kama kielelezo.

Programu hiyo ilikaa ndani ya seva, zile mashine nyeusi zenye vitaa vya kijani, katika chumba kilicho chini ya Wizara. Chumba kilikuwa na viyoyozi sita. Wodi ya watoto ilikuwa na feni moja, na hiyo aliisahau mzazi aliyetoka akiwa na haraka. Wakati wa joto wazazi waliomba watoto wao walazwe chumba kimoja na mashine. Wizara ikakataa kwa upole mkubwa. Ilisema mashine zingeweza kuambukizwa.

Basi ikaja kampuni kutoka mbali, ya watu wenye viatu visivyo na vumbi, wakasema, "Kwa nini mjenge wakati mnaweza kupanga?" Wao wana mashine zao huko kwao, nyingi, wanaziita wingu. Si wingu la mvua. Ni kama chumba cha kupanga: programu yako inakaa kwao, wewe unalipa kila mwezi, unalipia kila kichwa, na paa likivuja ni juu ya mwenye nyumba. Mafundi wa Wizara wakachachamaa. Wakasema mwenye nyumba akipandisha kodi utakwenda wapi na mizigo yako? Nyumba ni yako ukiijenga, hata kama inavuja.

Kila upande ulisema wenyewe ni nafuu. Hapo akasimama Mheshimiwa Sanguliwa, Waziri wa Mifumo, mtu mwenye haki hata kivuli chake hukiacha kitangulie kuingia mlangoni.

"Ndugu wananchi!" alisema redioni. "Serikali sikivu haichagui kwa macho. Macho yana upendeleo, ndiyo maana kila jicho limekaa upande wake wa pua! Sisi tutalinganisha! Senti kwa senti, waya kwa waya, kwa miaka mitano mbele, mpaka ukweli wenyewe upige magoti useme, jamani, yatosha!"

Tukapiga makofi tukiwa majumbani mwetu.

Sasa, nchi yetu ina Sheria ya Ulinganifu, nayo ilitokana na mnada wa mbuzi. Mtu yeyote aliyewahi kununua mbuzi anajua: mbuzi akicheza juu ya mizani, umeibiwa. Kwa hiyo kifungu cha kwanza kinasema, *Kinachopimwa hakitembei.* Mwaka ule tulipolinganisha madaraja mawili, watu walivuka kwa kuogelea. Na sasa, ili gharama za Mfumo wa nyumbani na za Mfumo wa kupanga zilinganishwe kwa haki, ilibidi yote miwili izimwe.

"Siku saba tu," alisema Waziri.

*

Tangazo hilo Eustella Mbawala alilisikia akiwa kwenye cherehani, anashona kola za sare za shule. Akasimamisha pedali. Akaenda kwenye mtungi wa maji, akatoa kichupa kilichokuwa kinaelea ndani ya mfuko wa nailoni, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Eustella ana mtoto, Tunu, wa miaka saba. Tunu ana kisukari tangu akiwa na miaka minne. Anachomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni, na mahali pa kuchoma anachagua mwenyewe.

"Leo paja la kushoto," anasema. "La kulia limenuna."

"Limenuna kwa nini?"

"Jana ulilichoma bila hodi."

Basi Eustella alikuwa anapiga hodi kwanza. Anagonga paja kwa kidole, "Hodi wenyewe," na Tunu anafumba macho na kujibu, "Karibuni, ila msikae sana."

Dawa iliyobaki kwenye kichupa ilikuwa ya siku nane. Eustella akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akacheka peke yake. Serikali imesema saba, yeye ana nane. Inabaki siku nzima. Akarudi kwenye kola zake.

*

Kamati ya Ulinganifu ilihamia hoteli moja ya milimani, kwa kuwa mashine zinapenda baridi, na anayezifikiria ni vizuri aone zinavyojisikia. Wajumbe walikuwa kumi na saba. Kila mmoja alipewa posho ya kikao, na posho hiyo katika nchi yetu hailipwi kwa kazi iliyokwisha. Inalipwa kwa kikao kilichokaliwa. Ndiyo maana wajumbe wetu ni watu wa kukaa.

Mtaalamu wao alikuwa Profesa Kahemba, aliyesoma hesabu mpaka zikamwomba apumzike. Alichora mstari katikati ya karatasi kubwa: nyumbani kushoto, wingu kulia.

Upande wa nyumbani aliandika mashine, umeme, jenereta, mafuta ya jenereta, mlinzi, mlinzi wa mlinzi na viyoyozi. Siku ya nne wakafika kwenye paka. Chumba cha mashine kilikuwa na panya wanaotafuna nyaya, na panya walikuwa na paka. Je, paka ni gharama ya ununuzi au gharama ya uendeshaji?

"Alinunuliwa mara moja," alisema mjumbe mmoja.

"Lakini anakula kila siku," alisema mwingine.

"Anakula panya. Panya ni wetu. Kwa hiyo anakula mali ya serikali!"

Paka alichukua siku tatu. Alipoisha, siku saba nazo zilikuwa zimeisha, na upande wa wingu ulikuwa bado mweupe. Kamati ikajiongezea muda, kwa kura kumi na saba dhidi ya hakuna.

Upande wa wingu ulikwenda haraka zaidi, kwa sababu kampuni ilileta orodha iliyokwisha kuandaliwa, yenye picha za watu wanaocheka. Panya walikuwa wamejumuishwa kwenye bei. Hapakuwa na mlinzi wala mafuta. Kulikuwa na kodi ya mwezi kwa kila kichwa cha mgonjwa, basi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, palikuwa na mstari mmoja: *Kuingia bure. Kutoka kwa malipo.*

"Hii ina maana gani?" aliuliza Profesa.

"Mheshimiwa Profesa," alijibu mtu wa kampuni, "mgeni anayependwa haulizi nauli ya kurudi."

Wajumbe walicheka sana, wakaenda kula.

*

Siku ya kumi Eustella alikuwa dirishani Hospitali Kuu na Tunu mgongoni, mkubwa wa kubebwa vile, miguu inaning'inia. Alikuwa ameipunja dawa tangu siku ya tano, alipoona redio haisemi kitu. Sasa kichupa kilikuwa na ukungu tu.

Mtunza stoo mpya anaitwa Kilumile. Nyuma yake kuna friji la mlango wa kioo, na ndani ya friji, mstari wa tatu, insulini zimejipanga kama askari wa gwaride. Unaziona vizuri. Unaweza hata kusoma maandishi. Mlango ulikuwa na karatasi ya lakiri ya Kamati, na kando ya friji alikaa askari mwenye bunduki. Mfumo ulikuwa umezimwa, lakini bunduki haihitaji mtandao.

"Kaka Kilumile," alisema Eustella. "Niangalie mimi, usiangalie meza."

"Dada, nikikuangalia nitafanya ujinga."

"Ufanye."

"Nina watoto watatu. Mtunza stoo aliyenitangulia yuko ndani mpaka leo kwa vidonge viwili. Hii ni chupa nzima."

"Kaka, kile kioo kina unene gani?"

Askari ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. "Ni chembamba, mama. Lakini mimi nimeletwa hapa kwa ajili ya huo wembamba."

Tunu aliinua kichwa begani mwa mama yake. "Mama, wamesema karibu?"

"Bado wanafungua, mwanangu."

Nje kwenye benchi watu walimwambia Eustella kwamba hapa ni kwa kufunga tu, kufungua kuko milimani. Akamlaza Tunu wodini, chini ya ile feni, akamwomba muuguzi amnyweshe maji, akavua pete yake ya ndoa akaifanya nauli. Alipanda lori la viazi.

*

Getini kwenye hoteli mlinzi alimzuia.

"Mama, una mwaliko?"

"Nina mtoto mgonjwa."

"Hiyo ni ya ukumbi gani?"

Angerudishwa, lakini bahati ya nchi yetu ni kubwa. Siku ileile wakaguzi walikuwa wamepiga simu: Kamati haitalipwa posho ya wiki ya pili kama haitaonyesha kuwa imemshirikisha mdau. Wajumbe walikuwa wamekaa kwa huzuni, wanatazamana, wote kumi na saba hakuna hata mmoja anayehusika. Mlinzi aliposema kuna mama analia nje, ukumbi mzima ulisimama.

"Karibu mama! Karibu sana!" alisema Waziri Sanguliwa mwenyewe, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Wajumbe, mdau amefika!"

Wakapiga makofi. Wakampa daftari la mahudhurio, akasaini mstari wa kwanza, ukurasa wa wadau, peke yake. Wakampa soda na sambusa. Soda akainywa kwa adabu. Sambusa akaifunga kwenye pindo la kanga, ya Tunu.

"Sasa mama, sema kwa uhuru wote uliopo," alisema Waziri. "Wewe kama mdau, unapendelea kujenga au kupanga?"

"Mheshimiwa, naomba friji lifunguliwe. Chupa moja. Ni ndogo, kama hiki kidole changu."

"Swali zuri sana."

"Siyo swali, baba."

Profesa Kahemba alivaa miwani. "Friji ni la upande wa nyumbani. Likifunguliwa, upande wa nyumbani utakuwa umefanya kazi wakati wenzao wamekaa. Mizani italala."

"Basi wafungue na la upande wa pili, ziwe sawa," alisema Eustella.

"Wingu halina friji, mama."

Wajumbe walitazamana. Jambo hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria kwa siku zote kumi na mbili. Profesa akaandika kwa wino mwekundu, *Hoja ya mdau: wingu halina friji*, na wakalijadili kwa saa mbili, mpaka wakaona kuwa friji libaki palepale kwa pande zote mbili na hivyo halihusiki na lolote. Eustella alisimama muda wote huo. Hakuna aliyekumbuka kumwambia akae, watu waliokuwa mabingwa wa kukaa.

"Lete jina la mtoto na namba yake," alisema Profesa mwishowe, "tuweke kwenye taarifa."

"Tunu Mbawala. Elfu arobaini, mia tatu na kumi na mbili."

Profesa akaweka kalamu chini. Mheshimiwa Sanguliwa akaweka kikombe chini.

Ninyi hamjui, lakini ngoja niwaambie. Siku iliyotangulia Profesa alikuwa amemaliza hesabu. Gharama ya mashine za nyumbani haibadiliki, wagonjwa wawe wengi wawe wachache. Gharama ya wingu inapanda kwa kila kichwa. Mahali fulani lazima zikutane, na Profesa alipapata: kwenye wagonjwa elfu arobaini, mia tatu na kumi na mmoja, gharama zinalingana mpaka senti ya mwisho. Orodha ya nchi ilikuwa na mmoja zaidi. Kwa kichwa hicho kimoja, nyumbani kulishinda.

Na sheria inasema, upande mmoja ukishinda, umeshinda. Bali mizani ikisimama sawa, Waziri anaamua. Mheshimiwa alikuwa na huzuni kubwa, si kwa tamaa, Mungu apishe mbali. Ila hotuba ya uzinduzi wa wingu ilikuwa imekwisha kuandikwa, na keki ilikuwa imeagizwa.

Tunu alikuwa wa mwisho kwenye orodha kwa sababu ya viatu. Kila Januari wagonjwa wanaandikishwa upya, na Januari hiyo Tunu ndiyo kwanza alikuwa amejua kufunga kamba za viatu. Kamba ilifunguka wakiwa foleni. Eustella alitaka kuinama, Tunu akakataa. "Mwenyewe!" Akafunga polepole, ulimi nje, watu wakawapita, na baada yake dirisha likafungwa mpaka mwakani.

"Na hali yake ikoje kwa sasa?" aliuliza Waziri. Sauti yake ilikuwa laini kama pamba.

"Mbaya, baba. Anapumua haraka. Anataka maji kila dakika."

"Mbaya kiasi gani? Kwa makisio."

Eustella hakuelewa. "Mimi mama yake siwezi kukisia."

Waziri aliinama kwa Profesa, Profesa akainama kwa mjumbe wa afya, mjumbe wa afya akainua vidole viwili. Kisha Waziri akasimama. "Mama, umetugusa. Kamati ilikuwa ipige kura leo. Kwa heshima yako na ya mtoto wako, tunaahirisha mpaka Alhamisi."

Eustella alipiga goti kushukuru. Aliamini wanaahirisha ili wafungue.

*

Tunu alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, wakati mama yake anashuka kwenye lori. Muuguzi alisema hakusumbua. Aliuliza tu kama kuna mtu amepiga hodi.

Vifo vinaandikwa kwenye daftari la karatasi lililofungwa kwa kamba mezani, na kalamu nayo imefungwa kwa kamba. Daftari hilo halina kodi, halina panya, wala halijawahi kuzimika hata siku moja. Kilumile ndiye aliyeandika jina, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa amekwenda chai. Jina "Mbawala" lilimwendea mistari miwili.

Uani gari la Profesa Kahemba lilikuwa limekwisha fika.

"Pole sana mama. Pole mno," alisema. Alikuwa na fomu. Iliitwa Fomu ya Kupungua, na bila kuisaini, mtoto asingetoka mochwari. Eustella aliishika karibu na macho, maana herufi zilikuwa zinacheza.

"Hapa palipoandikwa sababu ya kupungua," aliuliza, "niandike nini?"

"Acha wazi mama, usijisumbue. Tutajaza wenyewe."

Walijaza: *Maboresho.*

Msije mkasema nchi yetu inapendelea. Wiki zile walipungua wengine wengi, watoto na wakubwa. Lakini sheria inasema orodha inayopimwa haitembei, isipokuwa kwa fomu ya mdau aliyesaini mahudhurio, na mdau aliyesaini alikuwa mmoja tu. Hao wengine walikufa bila kufuata utaratibu.

Eustella alimzika Tunu na viatu vyake. Kamba alifunga yeye. Nyumbani alipofungua pindo la kanga aikunje, sambusa ikaanguka.

*

Alhamisi mizani ilisimama sawa. Profesa alisoma tarakimu mbili mara tatu, zilikuwa mapacha. Kamati ilisimama dakika moja kwa ajili ya mdau mdogo, dakika ya sekunde arobaini, kwa sababu keki ilikuwa ya krimu. Waziri akafuta macho, akaamua.

Mashine za nyumbani ziliuzwa kama chuma. Paka alistaafishwa. Mfumo ukahamia wingu siku ya Jumatatu, na kampuni ikaomba orodha ya wagonjwa. Wizara ikawapa iliyokuwepo, ile ya Januari, vichwa elfu arobaini, mia tatu na kumi na viwili. Fomu ya Kupungua ilikuwa ya kupigia kura. Hakuna aliyeambiwa kwamba ni ya kupunguzia.

Bili ya mwezi wa kwanza, inayolipwa kabla kama kodi yoyote, ilikuja na kichwa kilichozidi. Profesa aliomba kitolewe. Kampuni ikamwonyesha mstari wa mayai ya chawa: *Kutoka kwa malipo.* Kumtoa mtu mmoja kwenye Mfumo kulikuwa sawa na kodi yake ya miaka minne. Kuongeza mtu nako kulivusha nchi nzima kwenye daraja la juu la bei. Profesa alipiga hesabu, akaona lililo nafuu ni kutomgusa mtu. Kwa hiyo katika nchi yetu waliokufa hawatoki na wanaougua sasa hawaingii, na bajeti imetulia kama maji ya mtungi.

Ilipofika siku ya nane tangu kuhama, simu ya Eustella ililia asubuhi akiwa kwenye cherehani.

*Habari Tunu! Dawa yako iko tayari. Fika dirishani leo. Tunakujali.*

Alikaa na simu mapajani mpaka ikazima taa yake. Kisha akajifunga kanga, akaenda kuwaambia waache.

Dirishani alimkuta Kilumile. Askari hakuwepo tena. Friji lilikuwa limeunganishwa na Mfumo mpya, mlango wake ulikuwa umefunguka wenyewe, na kichupa kimoja kilikuwa kimesogezwa mbele, peke yake, kinatoa jasho.

"Dada," alisema Kilumile, "mimi sijagusa kitu. Limefunguka lenyewe."

Eustella alikitazama kile kichupa. Kama kidole. Ungeweza kusikia benchi nyuma yake linapumua, na kweli kulikuwa na pumzi moja ya haraka haraka aliyoijua. Akageuka. Kwenye benchi alikaa mwanamume mwenye nguo zilizojaa saruji, na mapajani mwake mtoto wa kike, midomo imekauka.

"Huyu naye ni sukari?" aliuliza Eustella.

"Wamesema hivyo juzi, dada," alisema yule baba. "Lakini hana namba. Wanasema nafasi hakuna mpaka mtu atoke, na kutoka ni kwa malipo."

"Anaitwa nani?"

"Mwanjaa."

*

Mwezi huu Mheshimiwa Sanguliwa alitoa taarifa bungeni. Alisema tangu tuhamie wingu hakuna mtoto hata mmoja wa kisukari aliyekosa dawa, na kwa wale wanaobeza alikuwa na ushahidi, umetoka kwenye Mfumo wenyewe, mashine haina chama. "Yupo binti mmoja," alisema, "anaitwa Tunu Mbawala. Aliwahi kuzorota kidogo wakati wa maboresho. Leo hajakosa dozi hata moja! Kila baada ya siku nane, dirishani, kama saa!" Wabunge wakapiga meza mpaka glasi zikaruka.

Ni kweli kabisa. Mimi nimemwona kwa macho yangu, kwa kuwa nami nilikuwa kwenye benchi na wangu. Alikuja akiwa ameshikwa mkono na Eustella. Mashavu yamejaa, anaruka vigae vyeusi, anakanyaga vyeupe tu. Karibu na dirisha kamba ya kiatu ikafunguka.

"Mwenyewe," alisema mtoto.

Eustella aliachia mkono wake. Alisimama akimsubiri, watu wakiwapita, na hakumharakisha.

"Mama Tunu," mtoto aliuliza akiwa bado ameinama, "Tunu ni nani?"

"Ni wewe. Mpaka tutoke getini."

Wakasogea. Siku hizi Mfumo mpya unataka mgonjwa aje mwenyewe na maswali yaulizwe na kujibiwa kwa sauti, vinginevyo friji halifunguki. Kilumile aliuliza macho yakiwa mezani.

"Jina?"

"Tunu Mbawala," alisema Mwanjaa, kwa sauti ya shule, kama mtu anayejibu hodi.

"Mgonjwa yupo?"

Mtoto alimtazama Eustella. Hilo la pili walikuwa hawajalifanyia mazoezi.

"Yupo," alisema Eustella, na mlango ukafunguka.